Kusoma Kitabu cha Uanafunzi kwa Pamoja: Mwongozo kwa Vikundi Vidogo vya Kigoma

Katika makanisa mengi ya Kigoma, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Kasulu na Kibondo, vitabu vya uanafunzi, yaani vya kumfundisha muumini kumfuata Kristo, havijakosekana kwa kiasi ambacho watu hudhani. Vimo kwenye rafu ya ofisi ya mchungaji, vimo katika masanduku ya waliowahi kusoma chuo cha Biblia, na vingine huuzwa mlangoni siku za semina na mikutano ya injili. Kilicho adimu ni kitabu kilichosomwa hadi ukurasa wa mwisho na watu wanaofahamiana, wakakipima kwa Maandiko, kisha wakabadilisha jambo fulani nyumbani au kazini kwa sababu yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanzisha usomaji wa namna hiyo, awe mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana, katekista, au muumini asiye na cheo chochote ila ana hamu ya kukua.

Rai yangu ni kwamba kitabu kimoja kinachosomwa polepole na watu wachache, kila sura ikiishia kwenye tendo linalotajwa waziwazi, kina faida kuliko vitabu kumi ambavyo mtu amevipitia peke yake na kubaki alivyokuwa. Hatua zote zinazofuata zinatokana na rai hiyo.

Watu na wakati

Kabla ya kutafuta kitabu, tafuta wasomaji. Idadi inayofaa ni watu watano hadi wanane, kwa sababu katika kikao cha saa moja na nusu watu wanane wanaweza kusoma kwa sauti, kuuliza na kujibu, ilhali wakifika kumi na watano watazungumza watatu na waliobaki watageuka wasikilizaji wa hotuba. Usiwachukue wote kutoka rika moja wala kwaya moja. Kikundi chenye mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda na bibi aliyeokoka miaka mingi iliyopita kitaona katika ukurasa mmoja mambo ambayo wasomi wanne wa Biblia wangeyapita bila kuyagusa. Kama kitabu kinahusu ndoa au usafi wa mwili, ni busara wanawake wakae peke yao na wanaume peke yao, kisha wakutane pamoja mwishoni.

Mwarifu mchungaji au paroko mapema, na kitabu kikishapatikana umpelekee akione. Vikundi vya nyumbani huvunjika kirahisi pale vinapoonekana kama kanisa jingine linalochipuka ndani ya kanisa, na kiongozi aliyeshirikishwa tangu mwanzo ndiye atakayekitetea kikundi katika kikao cha wazee. Kwa Wakatoliki, ambao tayari wana jumuiya ndogo ndogo, usomaji unaweza kuingizwa katika siku ya jumuiya yenyewe bila kuongeza siku nyingine ya kukutana.

Ratiba ndiyo inayoua vikundi vingi kuliko uvivu, na huku kwetu ratiba lazima ifuate kazi za watu. Katika maeneo ya wavuvi kama Kibirizi na Katonga, wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao katika usiku wa giza, na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa kama inavyotakiwa. Kiongozi anayewapangia wavuvi hao kila Alhamisi jioni atakuwa na kikundi kwa wiki mbili na viti vitupu kwa wiki mbili. Ni afadhali wakutane mara mbili au tatu ndani ya juma la mbalamwezi, kisha wabaki na sehemu ya kusoma au kusikiliza wenyewe hadi mwezi mwingine upevuke. Kwa wakulima wa Kasulu, Buhigwe na Kakonko, muda mzuri ni kiangazi. Kitabu cha sura kumi na mbili kikianzwa mwanzoni mwa Juni, sura moja kwa wiki, kitakuwa kimekwisha mwishoni mwa Agosti, kabla watu hawajarudi mashambani kuandaa msimu wa mvua.

Kuchagua kitabu

Hapa ndipo panapohitaji umakini kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo usikubali kitabu kwa sababu tu jalada lake linang'aa au mwandishi wake anaonekana kwenye runinga. Kikalie jioni nzima peke yako. Soma orodha ya sura, soma utangulizi, kisha ruka hadi sura ya katikati, kwa kuwa sura ya kwanza huandikwa ili kumvuta msomaji na ya mwisho huandikwa ili kumuaga vizuri. Katika sura hiyo ya katikati, chagua aya tatu za Biblia ambazo mwandishi amezitaja, na uzisome katika Biblia yako pamoja na sura nzima zinamotoka. Watu wa Beroya walimfanyia hivyo Paulo mwenyewe, na Luka anawasifu kwa sababu hiyo, kwamba "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Ikiwa mtume alipimwa na asikasirike, mwandishi wa kitabu hana sababu ya kuogopa.

Chukua aya inayopendwa kuliko nyingi katika vitabu vya mafanikio, Yeremia 29:11, ambamo Mungu anasema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mwandishi asiye makini ataiweka aya hiyo juu ya ahadi ya kupata kazi, gari au mchumba kabla mwaka haujaisha. Fungua sura nzima uone ni barua iliyotumwa kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini, aya ya 8 inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao, na aya ya 10 inasema kurudi kwao kutakuwa baada ya miaka 70. Mzee aliyesikiliza barua ile ikisomwa alijua kwamba atazikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli kabisa, lakini iliwadai uvumilivu na kazi ya mikono, na kitabu kinachoitaja bila kuugusa uvumilivu huo kimemkata msomaji nusu ya chakula. Fanya jaribio kama hilo kwa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," kwa kusoma aya iliyotangulia, ambamo Paulo anaeleza kwamba mambo hayo ni pamoja na kuona njaa na kupungukiwa.

Kuna aina mbili za vitabu ambavyo ningeviacha kwenye meza ya muuzaji bila kusitasita. Ya kwanza ni vile ambavyo kila mafundisho yake huishia kwa kumtaka msomaji apande mbegu ya fedha kwa mwandishi, na namba ya simu imewekwa tayari. Ya pili ni vile vinavyomshawishi mgonjwa aache dawa ili kuthibitisha imani yake, awe anatumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na anaandika kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), wala hakuna mahali anapomlaumu yeyote kati yao kwa upungufu wa imani. Kitabu kinachojua zaidi ya Paulo juu ya jambo hilo kirudishwe kilikotoka.

Baada ya kuondoa visivyofaa, swali linalonisaidia kupambanua vilivyobaki ni hili: mwandishi huyu aligharamika nini kwa hayo anayoyafundisha? John Bunyan alikaa katika gereza la Bedford, Uingereza, kwa takriban miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri bila kibali, na masimulizi yake ya safari ya Mkristo, yaliyochapishwa mwaka 1678, yananuka gereza kila unapofungua. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alitoa kitabu chake juu ya kumfuata Kristo mwaka 1937 wakati utawala wa Hitler ukiwabana wachungaji waliokataa kuufuata, naye akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, hakufungwa gerezani, lakini katika kitabu chake cha maungamo alijianika mwenyewe mbele ya wasomaji akiwa tayari ni askofu. Kurasa kadhaa anazitumia kuchunguza wizi wa mapeasi alioufanya na wenzake akiwa na umri wa miaka 16, wizi ambao haukutokana na njaa, kwa kuwa matunda yenyewe waliyatupia nguruwe. Askofu anayeweza kuandika hivyo juu yake mwenyewe anafundisha toba kuliko mtu anayeorodhesha dhambi za wengine. Sisemi kwamba kikundi kipya kianze na Agostino, kwa maana ni mzito na sehemu za mwisho zinachosha hata walimu. Nasema tu kwamba ukishamwonja utajua kipimo cha kuwapimia wa sasa.

Kwa watu waliookoka hivi karibuni, chagua kitabu kifupi, chenye kurasa zisizozidi 120, kinachozungumzia mambo ya msingi: toba, ubatizo, maombi, usomaji wa Biblia, ushirika, matumizi ya fedha, msamaha. Kwa wakongwe wa kanisani, ambao mambo hayo wameyahubiri mara nyingi, chagua kitabu kinachochimba jambo moja tu, kwa mfano msamaha peke yake au ulimi peke yake, kwa sababu mkongwe akipewa kitabu cha mambo yote ataitikia amina kwa yote na kutoka salama.

Kukipata na kugawana nakala

Kwa Kiswahili, sehemu za kuulizia zinajulikana. Tabora, katika eneo la Kipalapala, kuna historia ndefu ya uchapishaji wa Kikatoliki kupitia T.M.P. Book Department, Dodoma kuna Central Tanganyika Press ya Waanglikana, Soma Biblia ina maduka ya vitabu katika miji mikubwa, nacho Chama cha Biblia cha Tanzania husambaza Biblia zenyewe. Piga simu kwanza uhakikishe nakala zipo, kisha mwombe ndugu aliyeko huko akununulie na kuzituma kwa basi au amkabidhi msafiri wa treni ya reli ya kati. Kifurushi kifungwe ndani ya nailoni kabla ya kutiwa kwenye boksi, kwa kuwa kitabu kilicholowa mara moja hakinyooki tena.

Kila mtu kuwa na nakala yake ni jambo zuri lakini si sharti. Watu wawili wanaoishi mtaa mmoja wanaweza kutumia nakala moja, mmoja akikaa nayo Jumatatu hadi Jumatano na mwingine Alhamisi hadi Jumamosi, mradi waandike siku hizo ndani ya jalada ili kusiwe na ubishi. Kitabu kitiwe jalada la karatasi ya kaki kama watoto wa shule wanavyofanya. Kuhusu kwenda steshenari na kutoa kopi ya kitabu kizima, jizuieni: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za waandishi, na ni vigumu kufundisha uaminifu kwa kurasa zilizoibwa. Hata pale mwandishi alipofariki zamani sana na kazi yake ya asili haina mmiliki tena, tafsiri ya Kiswahili huenda bado ina mwenyewe, hivyo mwulizeni mchapishaji.

Kusoma nyumbani kabla ya kikao

Msomaji awe na daftari dogo, penseli na Biblia. Asome kurasa nne au tano kwa siku, asizidishe hata kama zinampendeza. Pembezoni, au katika daftari ikiwa kitabu ni cha kushirikiana, aweke alama tatu tu: mstari wima mahali alipoguswa, alama ya kuuliza mahali asipoelewa au asipokubaliana, na msalaba mdogo mahali palipomtaka afanye jambo. Siku ya kikao hahitaji kukumbuka sura nzima. Anafungua alama zake.

Asiyejua kusoma asiachwe nje. Asomewe na mtoto wake au na jirani wa kikundi, na katika kikao apewe kazi ya kusimulia sura kwa maneno yake mwenyewe, kazi ambayo wasiosoma huifanya vizuri kwa sababu wamezoea kushika mambo kichwani. Pale Kiswahili cha kitabu kinapokuwa kizito, na vitabu vingi vilivyotoka lugha nyingine ni vizito kweli, mwombe mmoja aieleze aya hiyo kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa huku. Akikwama, ujue kwamba kikundi kizima kilikuwa kimekwama na kilikuwa kinatikisa kichwa kwa heshima.

Kikao chenyewe

Dakika tisini zinatosha, na mwenye nyumba asibebeshwe mzigo wa kupika. Chai ya rangi inatosha, na karanga zikiwepo ni neema. Wimbo mmoja, sala fupi, kisha kila mtu aeleze kwa dakika moja au mbili kama alilitenda lile alilosema wiki iliyopita. Baada ya hapo usisome sura nzima kwa sauti. Kiongozi achague ukurasa mmoja ulio moyo wa sura, usomwe taratibu na watu wawili wakipokezana, na kila aya ya Biblia inayotajwa ifunguliwe. Inafaa kuwe na Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, na angalau nakala moja ya Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, kwa sababu mara nyingi msemo uliokuwa umefunga katika moja hufunguka katika nyingine.

Kisha huja maswali, na hapa ndipo kiongozi huonyesha kama anaongoza usomaji au anahubiri. Maswali yake yawe mafupi na yaanze na yaliyomo kwenye ukurasa kabla ya kuingia maishani. Tuseme sura ya wiki ni ya uaminifu, na mwandishi ametaja habari za Zakayo katika Luka 19. Kiongozi anauliza, "Zakayo alisema atarudisha nini?" Wanajibu kutoka katika aya ya 8: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemnyang'anya. "Aliahidi mbele ya nani?" Mbele ya Bwana, na watu wakisikia. "Je, alitaja siku?" Hapo wanatazama tena kitabu, wanaona kwamba ametumia maneno ya mtu anayetoa sasa hivi: nawapa, namrudishia. Ndipo kiongozi anauliza swali la mwisho, "Na sisi, ni nani tuliyemchukulia kitu kwa hila?" kisha ananyamaza. Kimya hicho kikifika nusu dakika kitamuuma, naye atatamani kukijaza kwa mahubiri. Asikijaze.

Katika kimya kama hicho, mama anayeuza dagaa wakavu sokoni anaweza kusema kwamba sado lake, kopo la kupimia, limegongwa kitako kikaingia ndani, na kwamba alilinunua hivyo hivyo kwa muuzaji aliyemtangulia. Wengine watacheka kidogo, kwa kuwa kila mtu sokoni anayajua masado ya namna hiyo. Kiongozi asirukie "Haleluya" na kwenda kwa mtu mwingine, wala asimpe somo la Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa, ambalo mama huyo analijua. Amwulize kwa upole, "Mama, kesho asubuhi utafanya nini?" Akijibu kwamba ataligonga kitako lirudi nje, aulizwe, "Na wateja wa siku zote?" Huenda akasema kwamba wapita njia hawezi kuwapata, lakini majirani wa mtaani anawajua, na hao atawaongezea konzi moja juu ya kipimo kwa mwezi mzima. Sasa kuna tendo lenye siku, lenye watu na lenye kipimo. Linaandikwa katika daftari lake mwenyewe, halisomwi kanisani, na wiki inayofuata ataulizwa mara moja tu.

Tofauti kati ya tendo la namna hii na azimio la kawaida ni kubwa. "Nitakuwa mwaminifu zaidi" haliwezi kuulizwa wiki ijayo, kwa sababu hakuna anayejua lingeonekana vipi. "Nitampigia shemeji simu Jumamosi nimwombe radhi kuhusu ile ng'ombe" linaweza kuulizwa, na kwa sababu hiyo linaweza kutendwa. Yakobo anawaonya wasomaji wake wawe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, "hali mkijidanganya nafsi zenu" (1:22), na msomaji wa vitabu yumo katika hatari hiyo hiyo kuliko msikiaji, maana kumaliza kitabu humpa mtu hisia ya kuwa amefanya kazi. Asiyetenda wiki hii asihukumiwe. Aulizwe ni nini kilichomzuia, tendo lipunguzwe ukubwa kama lilikuwa kubwa mno, na kikao kiendelee.

Msemaji asiyenyamaza yupo katika kila kikundi, na mara nyingi ni mtu mzima anayeheshimika. Hamwezi kumkatiza kama kijana wa rika lenu. Kiongozi amwendee kabla ya kikao amwombe, "Mzee, leo tunaomba utusaidie kufunga mazungumzo, tutakuachia dakika tano za mwisho." Atajiandaa na kusikiliza, kwa kuwa amepewa nafasi yenye heshima. Kijana asiyekubaliana naye afundishwe kusema, "Mzee, nimekusikia, naomba tuangalie na aya inayofuata," badala ya kumwambia kwamba amekosea. Kwa upande mwingine, asiyezungumza kabisa asitajwe jina ghafla. Aombwe asome, na baada ya kusoma mara mbili tatu sauti yake itakuwa imezoea chumba.

Kukiri na kutunza siri

Ukanda wetu una urithi mzito katika jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha waumini kukiri dhambi zao waziwazi mbele ya ndugu na kutembea katika nuru, na wazee wengi wa Kianglikana wa upande huu walilelewa katika mikutano hiyo. Kikundi cha kusoma kinanufaika na urithi huo, ila kiwe na mipaka. Mtu akiri yaliyo yake, asikiri ya mumewe, ya mkewe wala ya jirani. Dhambi inayomhusu mtu mwingine kwa jina ipelekwe kwanza kwa huyo mtu au kwa mchungaji. Linalosemwa ndani lisitoke nje, hata likiwa limevikwa vazi la ombi la maombi, kwa sababu katika mitaa yetu habari nyingi za watu husafiri kwa njia ya "tumwombee dada fulani."

Mpaka mmoja wa siri lazima utajwe siku ya kwanza. Ikijitokeza kwamba mtoto anadhulumiwa, au mtu anapigwa nyumbani na maisha yake yako hatarini, kikundi hakifungi mdomo. Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi na afisa ustawi wa jamii ndio wanaopaswa kupelekewa jambo hilo, na kiongozi amsindikize mhusika badala ya kumpa kitabu kingine juu ya uvumilivu.

Baada ya ukurasa wa mwisho

Kikao cha mwisho kisiwe na somo jipya. Kila mmoja apitie misalaba midogo katika daftari lake, ataje lile lililodumu na lile lililomshinda. Halafu kikundi kiamue kwa pamoja: kusoma kitabu kingine, kukirudia hicho hicho kuanzia sura iliyowasumbua zaidi, au kugawanyika ili wawili wawili waanzishe vikundi vipya mitaani kwao, kwa mfano wa Paulo aliyemwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu "watakaofaa kuwafundisha na wengine" (2 Timotheo 2:2). Mimi hupendelea hilo la tatu, lakini wale waliookoka juzi waachwe warudie kwanza.

Nakala zenyewe zisitawanyike. Ziwekwe kwenye boksi moja nyumbani kwa mtu asiyesafiri sana, mahali palipoinuka kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na kuwe na daftari la kuazima lenye safu nne: jina la kitabu, jina la aliyekiazima, tarehe ya kukichukua na tarehe ya kukirudisha. Mtunzaji asiwe mkali wala mlegevu. Mwezi mmoja ukipita bila kitabu kurudi, asitume ujumbe wa simu. Aende nyumbani kwa aliyekiazima, asalimie, aketi, amuulize amefika sura ya ngapi, na kama hajaanza, amwombe akirudishe siku hiyo hiyo ili kiende kwa anayekisubiri.